Mashine Iliyosubiri Marahaba

Nianze kwa kukubali, maana nikikataa nitakuwa naongeza uongo juu ya aibu: ile sauti iliyosema "Shikamoo Hajjat" kwenye spika zote za kiwanda, sheikh akiwa katikati ya dua na watu wote wameinua mikono, kisha ikasema tena, na tena, na tena, ilikuwa sauti yangu. Mimi Shija wa Kiseke. Najua mmeshasimuliwa, na kila anayesimulia anatia chumvi yake (kuna jamaa anaapa kwamba nilipanda juu ya meza kuu, mwongo yule, nilipita chini yake), kwa hiyo kaeni niwape yenyewe kutoka kwa mwenye mali. Na nawaambia mapema sisimulii nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu mwisho wake naupenda sana.

Kiwanda chenyewe mnakijua, kile cha Hajjat Zuhura pale ufukweni upande wa Ilemela. Si kikubwa. Kina mashine ya barafu, ua wa kupokelea sangara wanaotoka visiwani, na vyumba viwili vya baridi vinavyotunza minofu iliyoganda. Baba yake alikuwa akiuza kayabo tu, samaki wa chumvi kwenye magunia, yeye ndiye aliyeivusha biashara mpaka kwenye minofu. Na ni mama wa adabu, si mchezo. Ukimpita bila kumwamkia hakugombezi, anakuita kwa upole kabisa kwa jina la baba yako, akuulize mzee hajambo na kama bado anafundisha watoto wake salamu, na wewe unabaki unatafuta pa kuweka uso.

Mimi nilikuwa fundi wake wa kompyuta, lakini kibarua, wa leo yupo kesho tutaona. Sasa wakatokea wanunuzi kutoka Dar, wanataka minofu kila wiki, mzigo wa maana, lakini walikuwa wameshaungua mahali: waliuziwa samaki walioyeyuka wakagandishwa upya, hakuna aliyewaambia, wakaja kugundua mzigo ukiwa umeshafika kwa wateja wao. Safari hii walitaka kuja kuona kwa macho kwamba baridi ya Hajjat inalindwa. Hajjat akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Shija, wageni hawa wakisaini, wewe unakuwa mtu wangu wa kudumu. Wasiposaini nafunga chumba kimoja, na hapo mwanangu sitakuwa na kitu cha kukulindisha." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu kama mimi tu.

Basi nikaingia kazini. Nikafunga kwenye seva ile programu ya kufuatilia mtandao, ambayo kazi yake, kwa lugha ya nyumbani, ni kupita kila saa kuulizia hali. Seva inakiuliza kila kifaa, "Upo? Unaendeleaje?" Kipima joto cha chumba cha kwanza kinajibu nipo, baridi ni ya kutosha. Kidude cha mlangoni kinajibu nipo, mlango umefungwa. Mashine ya barafu, kamera, printa, hadi jenereta, vyote vinaulizwa na vyote vinajibu, na kimoja kikinyamaza au kikitoa jibu baya, seva inatuma meseji kwa wahusika. Nilipoiona inafanya kazi nilicheka peke yangu mle chumbani, maana nilikuwa nimesoma miaka yote ile kumbe mtandao wenyewe ni salamu tupu.

Meseji ya kwanza ya majaribio ikaenda kwa Hajjat: HATARI! MASHINE YA BARAFU HAIJIBU. Hata sijanyanyuka kwenye kiti simu yangu ikaita.

"Shija, huyu nani ananipigia kelele bila hata salamu?"

"Ni mashine, Hajjat."

"Mashine ya nani?"

"Yako, Hajjat."

"Basi nimelea vibaya," akasema, akakata.

Hapo ndipo ulipofanyika ule uamuzi mdogo. Mtu mwenye akili angeongeza neno "Shikamoo" mwanzoni mwa meseji, akaenda zake kula. Mimi jioni ile nikampigia mama yangu, yuko Busisi, nikamweleza kama kichekesho. Mama hakucheka. Akasema, "Hajjat ana haki. Tena mtu mzima hapewi habari mbaya hajaitikia, unaweza kumuua kwa mshtuko. Unaamkia, unangoja aitikie, ndipo unaeleza shida yako." Nikaona mama kaongea busara tupu (na ni kweli, kwa binadamu). Usiku sikulala vizuri, nikawa naipangia mashine malezi kichwani.

Nikaitengeneza hivi. Kukiwa na tatizo, seva inamtumia mtu "Shikamoo" peke yake, kisha inanyamaza, inangoja ajibu "Marahaba". Ikiipata marahaba inaeleza tatizo. Isipoipata inaamkia tena, maana pengine mzee hakusikia. Na haikuishia hapo, jamani, kwa sababu nikishaanza kupamba sijui kuacha: nikaipanga iamkie kwa umri. Hajjat kwanza, ndiye mkubwa. Akishaitikia ndipo inahamia kwa Mzee Magesa, fundi wetu wa majokofu, Mjita wa Majita haswa, mtu wa maneno machache na spana nyingi, ambaye kila L mdomoni mwake hugeuka R. Magesa akishaitikia ndipo inakuja kwangu mimi mtoto. Yaani fundi mwenyewe wa mtandao nilijiweka mwisho, kwa heshima! Na kwa kuwa wanaofanya kazi kwenye vyumba vya baridi huvaa glavu nene na simu wanaziacha nje, nikaiunganisha na spika za kiwandani, isome kwa sauti. Sauti nikarekodi yangu, nimeilainisha kama naposa.

Tulipoijaribu ilikuwa sherehe. Spika ikasema, "Shikamoo Hajjat." Hajjat akatabasamu, akavaa miwani, akaandika marahaba kwenye simu yake taratibu, akatuma. Spika ikasema, "Ahsante Hajjat. Printa imeishiwa karatasi." Mama yule alipiga makofi. Akaita mashoga zake wa sokoni waje waone mashine iliyolelewa, tukarudia mchezo ule wa printa mpaka nikachoka kutoa na kurudisha karatasi. Mzee Magesa alisimama mlangoni akatazama, akauliza swali moja tu: "Harafu kama Hajjat amerara?" Nikamwambia, mzee wangu, hayo ni mambo ya kitaalamu.

Siku ya wageni ikafika. Hajjat aliona si vizuri watu watoke Dar waje waangalie majokofu kavukavu, akaandaa shughuli: turubai uani, meza kuu yenye kitambaa hadi chini, MC na muziki wake, pilau, na sheikh wa kuombea biashara dua. Mimi nilivaa suti ya shemeji yangu, imenikaa kidogo mabegani lakini ni suti. Asubuhi nilipitia chumba cha seva nikiwa na jinzi, nikahakikisha kila kitu kiko sawa, nikafunga mlango nisije nikaharibiwa kazi na watoto wa muziki, nikarudi Kiseke kubadilisha. Mmeshaona? Ufunguo ulibaki kwenye jinzi. Jinzi ilibaki kitandani. Na njia ya kuingia kwenye seva kwa simu sikuwa nimeiweka kwa sababu za usalama, na niliwaeleza watu wengi kwa majivuno kwamba sikuiweka kwa sababu za usalama.

Wageni walikuwa wawili, lakini msemaji alikuwa mmoja, Bi Neema, dada mwembamba wa miwani, mkimya, anayekuangalia ukimaliza kusema kana kwamba kuna sehemu umeiruka. Tukawapa viti vya mbele. MC akamkaribisha sheikh, muziki ukazimwa, Hajjat akazima sauti ya simu yake akaitia kwenye mkoba, mkoba akauweka chini miguuni. Nilimuona. Nikasema moyoni, mama mstaarabu huyu. Sheikh akaanza, mikono ikainuliwa, hata sisi Wakristo tuliinua.

"Shikamoo Hajjat."

Ua ulikuwa kimya, kwa hiyo ilisikika mpaka ziwani. Sheikh akasita kidogo, akaendelea. Wanawake wawili wa nyuma wakaitikia marahaba kwa mazoea tu, maana sikio la Mswahili haliachi shikamoo ipite bure. Mimi nikaganda. Nikajiambia ni printa, lazima ni printa, itanyamaza.

"Shikamoo Hajjat."

Sasa vichwa vikaanza kugeuka, na vilikuwa vinanigeukia mimi, kwa sababu sauti mnaijua. Nikafunga mdomo kwa nguvu na kuonyesha kwa kidole kwamba mdomo umefungwa. Haikusaidia. Mama mmoja wa mashoga wa Hajjat akaninong'oneza kwa hasira, "Kijana, ngoja amalize dua ndipo umsalimie!" Nikamwambia si mimi. Spika ikasema, "Shikamoo Hajjat," na yule mama akaniangalia juu mpaka chini akaisogeza pochi yake.

Nilikimbilia chumba cha seva, nikashika kitasa, nikapapasa mifuko ya suti ya shemeji. Nilikuta kijiti cha meno na kadi ya mwaliko wa harusi ya mtu nisiyemjua. Hapo ndipo akili ikanijia. Programu ile sikuiambia ipuuze siku ya sherehe. Ikiamkia, kuna jambo. Linaweza kuwa printa, na linaweza kuwa samaki wote wa Hajjat, na hakuna mtu duniani anayejua, mimi mwenyewe niliyeitengeneza sijui, kwa sababu nilijipanga foleni nyuma ya wakubwa, na mkubwa wa kwanza yuko kwenye dua na simu iko mkobani. Niliogopa kweli. Niliiona kazi yangu inaondoka kwa sauti yangu mwenyewe.

Njia ilikuwa moja tu, Hajjat aitikie. Lakini kumfikia ningepita mbele ya sheikh na mbele ya wageni, na nilishajitia aibu ya kutosha. Ndiyo nikapata lile wazo la kitambaa. Nikazunguka kwa nyuma, nikapiga magoti (suti ya watu!), nikaingia chini ya meza kuu kwa upande wa maboksi ya maji, nikatambaa kupita viatu vya mwenyekiti wa mtaa, viatu vya mgeni wa pili, viatu vya Bi Neema ambavyo vilijivuta taratibu kunipisha, mpaka kwenye kandambili za Hajjat za Makka. Mkoba ule pale. Nikaunyooshea mkono nikaurudisha. Jamani, mkoba wa mama mtu mzima haufunguliwi. Nimelelewa Busisi mimi.

"Hajjat," nikanong'ona.

Miguu ikaruka. "Nani huko?"

"Mimi Shija. Naomba uitikie marahaba."

"Si umeniamkia asubuhi?"

"Si mimi, Hajjat. Ni seva."

"Haya, marahaba. Toka."

"Kwa simu, Hajjat. Haisikii mdomo."

"Kwa hiyo sasa ndiyo inaniamkia mpaka kwenye dua? Umeifundisha nini wewe?"

Nilikuwa sijajua kwamba maikrofoni ya MC imelazwa juu ya meza, imewashwa. Maneno yote hayo yalitoka kwenye maspika makubwa ya MC, mimi chini ya kitambaa, Hajjat juu, uwanja mzima unasikiliza kama mchezo wa redio. Sheikh wa watu akashusha mikono. Kikaanza kicheko kimoja nyuma, kikaja mbele kama upepo wa ziwa, na juu ya kicheko hicho spika zangu, bila kukata tamaa, zikasema, "Shikamoo Hajjat." Uwanja ukaitikia wote, "Marahabaaa!"

Hajjat akatoa simu. Miwani hakuja nayo. Nilitoa kichwa kwenye kitambaa nikamwona anaitafuta herufi moja moja, ameiweka simu mbali na uso, midomo inatembea, na mimi pale miguuni pake naomba kwa Mungu wangu na wa sheikh. Akatuma.

"Ahsante Hajjat," sauti yangu ikasema, laini, ya kuposa. "Mlango wa chumba cha pili uko wazi. Joto linapanda."

Kicheko kikakatika. Nilimwona Hajjat akipauka uso. Chumba cha pili ndicho chenye mzigo wa kuonyesha, ndicho chenye samaki ambao Bi Neema alikuja kuwaona. Na seva yangu, badala ya kuachia hapo, ikafuata utaratibu nilioipa: "Mzee Magesa, shikamoo." Mzee Magesa alikuwa ameshatimua mbio, mzee wa watu, spana mkononi, na spika zinamfuata ua mzima, "Mzee Magesa, shikamoo," naye anapiga kelele huku anakimbia, "Marahaba! Marahaba, nimeshasikia, kerere za nini!"

Tulikimbia wote. Wageni walikimbia, mwenyekiti wa mtaa alikimbia, wapishi na miiko yao, na mimi nyuma na vumbi kwenye magoti. Tulipofika tukakuta mlango mnene wa chumba cha pili umeegemea kreti ya soda, ukungu wa baridi unatambaa nje sakafuni, na mle ndani, mbele ya minofu, kreti nyingine za soda zimepangwa vizuri kabisa zipoe. Mama wa pilau akasema haraka, "Mimi nimetumwa." Kila mtu akatafuta aliyemtuma. Hajjat akavuta ushungi wake, akasema kwa heshima zake zote, "Mimi nilisema wageni wasinywe soda ya moto. Mlango sikusema uachwe."

Hakuna aliyecheka, maana Bi Neema alikuwa ameshaingia ndani. Mzee Magesa akachukua boksi la karibu na mlango, lile ambalo lingeharibika kwanza, akalifungua, akatoa bapa la minofu akaligonga kwenye ukingo wa chuma. Likalia ko! Akagonga la pili. Ko! Akamkabidhi Bi Neema mwenyewe, naye akaligonga, kimya, mara kadhaa, kama anayebisha hodi. Sijawahi kusikia muziki mzuri kama ule.

"Mna njia ya kuniambia mlango umeachwa wazi tangu lini?" akauliza.

Sasa hapo, ndugu zangu, aibu yangu ikasimama kwa miguu miwili. Nilimpeleka mapokezi, kwenye monita niliyokuwa nimeitundika ukutani (ndiyo, ilikuwepo muda wote, kwa kiwewe changu sikuikumbuka). Ukaonekana mstari wa joto la chumba cha pili umelala kama maji ya asubuhi, siku baada ya siku, halafu pale mwisho unainua kichwa kidogo tu, na juu yake alama ya mlango kufunguka, na juu ya alama hiyo shikamoo ya kwanza, zote mahali pamoja. Nilimweleza kila kitu, pamoja na mama yangu wa Busisi na sababu ya kungoja marahaba, kwa sababu nilishachoka kujificha. Alisikiliza. Nilipomaliza, safari hii hakuniangalia kama nimeruka sehemu.

"Kule tulikoungua," akasema, "samaki waliyeyuka na hakuna aliyetuambia neno. Si shikamoo, si kwaheri." Akavua miwani akapangusa machozi, na nikagundua alikuwa anacheka tangu chini ya meza. "Ufungueni tena ule mlango. Nataka kuisikia tangu mwanzo."

Jamani, jamani. Uwanja mzima ulikusanyika chini ya spika. Mzee Magesa akafungua mlango kidogo, watu wakabana pumzi, Hajjat akiwa na simu mkononi na miwani ya kuazima ya sheikh machoni. Kimya. Kisha sauti yangu, ile ile iliyonitia fedheha, ikaja tamu kabisa: "Shikamoo Hajjat." Na watu zaidi ya uwanja, wavuvi waliokuwa wanatengeneza mitumbwi kule ufukweni, wapishi, wageni, MC, wote wakapasua anga, "MARAHABAAA!" Hajjat akatuma. Spika ikasema mlango wa chumba cha pili uko wazi, Magesa akaubamiza, watu wakarusha kofia. MC alitaka kuwasha muziki, sheikh akamzuia kwa mkono na kusema kwanza dua yake imaliziwe, kwa maana imeshaanza kujibiwa kabla ya amina. Tukaimaliza. Mimi niliitikia amina kwa sauti kuliko Waislamu.

Walisaini pale pale mezani, kwenye kitambaa nilichotambaa chini yake. Bi Neema aliweka sharti moja, mashine itoe habari kwanza na salamu baadaye, na imwambie kila mtu kwa mpigo. Hajjat alitaka kubisha. Akaangalia magoti ya suti yangu, kisha akanyanyua maikrofoni (mwenyewe safari hii akijua imewashwa) akatangaza, "Huyu aliyetoka chini ya meza ni fundi wangu wa kudumu." Nililia kidogo. Andikeni hivyo hivyo, Shija alilia.

Tangu siku hiyo sina jina mjini. Juzi juzi pale kivuko cha Kamanga mzee mmoja mwenye bakora alinitazama, akaja mpaka usoni kwangu akasema, "Shikamoo Hajjat!" akicheka, na mimi kwa kiherehere nikaitikia marahaba. Mzee wa rika la babu yangu! Niliomba radhi mpaka pantoni ikajaa.

Kwa hiyo nimeapa, na nyie ni mashahidi: sitaifundisha tena mashine kungoja. Adabu ya mtu ni kuamkia kwanza, adabu ya king'ora ni kusema moto uko wapi. Siku nyumba ya mtu ikiungua, hata akiwa mkwe, nitapiga kelele kwanza, shikamoo tutapeana tukiwa nje salama. Nimeibadilisha programu, habari inatangulia, inatufikia wote pamoja, shikamoo imebaki mwisho, kwa sababu kuitoa kabisa Hajjat alikataa.

Na bado hajaiacha. Wiki iliyopita alivuka daraja la Busisi kwenda harusini upande wa Geita, umeme ukakatika mchana, seva ikamwandikia: Umeme umekatika, jenereta imewaka, vyumba viko salama. Shikamoo Hajjat. Nilikuwa nimekaa mbele ya monita nilipoona jibu lake linaingia, si kwangu, kwa seva: Marahaba mwanangu. Umekula?

Programu haina jibu la swali hilo. Nikaandika kwa niaba yake: Bado, Hajjat.

Jioni wakanipitishia chakula cha harusi kutoka kwake, sahani mbili zimefunikwa vizuri. Aliyeleta akasema moja yangu, na moja ya yule mwingine mwenye adabu. Nikala zote mbili, maana mdogo wangu yule, kwa malezi niliyompa, bado alikuwa anangoja akaribishwe.